Eswatini: haya yalianza 1972

Mwandishi wa makala moja kuhusu maandamano ya kudai demokrasia Eswatini anasema amri ya kutotoka nje usiku iliyotolewa huko Juni 2021 ilikuwa ya kulinda utulivu. Utulivu wa nani, jamani? Mwaka 1972 Bhekindlela Ngwenya wa chama cha upinzani cha NNLC alishinda ubunge; serikali ikadai si raia, ikamfukuza hadi Afrika Kusini. Mahakama ilipompa haki yake, Mfalme Sobhuza II akaifuta katiba tarehe 12 Aprili 1973 na kupiga marufuku vyama. Mpaka leo mgombea anasimama peke yake, bila chama. Na wabunge Mabuza na Dube, waliotaka waziri mkuu achaguliwe na wananchi, wakatiwa ndani Julai 2021. Inaniuma sana. Mbona makala hiyo haiwataji kabisa?