Seva Iko Ujerumani, Lawama Ziko Mbuyuni

Hivi ni nani aliyewafundisha watu kwamba ukitaka kumwonyesha mwenzio kilichoko kwenye kompyuta unaipiga picha kwa simu? Asubuhi hii, uso sijaunawa, imeingia WhatsApp picha ya skrini imepinda, ina vumbi, na kwenye kioo pua ya mpigaji imetokeza vizuri kabisa. Katikati ya pua na vumbi yanasomeka maandishi: 502 Bad Gateway. Chini yake: "Kijana. Tovuti imekufa. Wageni hawawezi kulipa." Halafu dole gumba. Dole la nini sasa? Msiba unapewa dole?

Mimi ni mtu mzima. Nina mke, nina kiwanja Pasua chenye kesi, na ghorofani, hatua chache kutoka soko la Mbuyuni hapa Moshi, kuna mlango umebandikwa kibao: Mhandisi wa Mifumo. Mtu wa namna hiyo haamshwi na pua.

Mwenye pua ni mteja wangu, mzee anayepandisha wageni Kilimanjaro. Ni mwezi wa saba, mlima umejifunika mawingu kama mwali, baridi imeingia hadi kwenye kibodi, na ndio msimu wenyewe, wageni wanashuka kila siku. Tovuti yake niliiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na Django, fremu yake ya kujengea tovuti: mgeni anachagua njia ya Machame au Marangu, analipa, anapata risiti. Ilikuwa kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayoihifadhi tovuti, yenye mfumo endeshi wa Ubuntu, toleo la 18.04, ambalo matunzo yake ya kawaida yaliisha 2023, nikamwambia mzee tuhame kabla wezi hawajatuhamisha. Akakubali kwa sababu seva mpya ilikuwa na bei nafuu. Wezi hawakumgusa moyo. Jana usiku nikahamisha kila kitu, nikabadili DNS, kile kitabu cha anwani cha intaneti, nikaangalia kwenye simu: inafunguka, inang'aa. Nikalala usingizi wa mtu mwenye kibao. Kumbe simu yangu ilikuwa bado inapelekwa kwenye seva ya zamani, maana DNS ina taratibu zake, hawa inawawahisha, wale inawachelewesha. Kulipokucha dunia nzima imeshahamia seva mpya, na seva mpya imenuna.

Nikajibu kwa adabu: "Shikamoo mzee, nalishughulikia." Akajibu neno moja: "Nakuja."

Kifodi nilichopanda sikisemi. Konda ananiambia "sogea bosi" na mimi tayari nimekalia goti la mtu. Luku nayo imelia usiku kucha. Nayo siisemi.

Nafika, mzee ameshafika na amekalia kiti. Ofisi ina kiti kimoja. Pembeni amesimama mpwa wake, kijana anayetengeneza simu Kiboriloni, ameletwa "aje asaidie". Nikavuta kreti ya soda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Seva iko wapi?"

"Iko Ujerumani, mzee. Frankfurt."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nani kaipeleka?"

"Haijapelekwa. Tumeikodi huko huko."

"Kwa hiyo duka langu liko Ujerumani, mimi niko Moshi, na ufunguo unao wewe."

Ikisemwa hivyo, kusema kweli, inatisha.

"Kaka," mpwa akadakia, "hiyo itakuwa IC imeungua. Umejaribu kuizima ukaiwasha?"

Nilishajaribu. Sikumjibu, maana ukimjibu umeshampa ajira.

Nikafungua terminali, nikaingia kwenye seva. Nginx, programu inayowapokea wageni wa tovuti, nikaipima, ikajibu kwamba sintaksi iko sawa na jaribio limefaulu. Gunicorn, inayoiendesha ile Python, nikaiuliza hali, ikaniwekea kitone cha kijani, iko hai, inatembea. Wote wazima. Tovuti ndiyo imekufa. Nikafungua logi ya makosa ya Nginx, daftari inamoandika kila kilichokwama, na hapo mzee akainama juu ya bega langu, nikasikia mtori wa asubuhi.

"Hapo pameandikwa nini? 04:12?"

"Ni muda, mzee. Ndio mgeni wa kwanza alipokosa."

"Saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri! Picha nimekutumia saa moja na kitu. Kwa hiyo duka limefungwa tangu saa kumi, wewe umelala!"

Nikaanza kueleza. Seva inatumia UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi huku tumeitangulia kwa saa 3, kwa hiyo 04:12 ya seva ni 7:12 ya kwenye simu, na 7:12 ya kwenye simu ndiyo saa moja na dakika kumi na mbili tunayoisema midomoni. Nikaichora kwenye karatasi. Nikaweka mishale. Mzee akaitazama ile mishale kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo una saa tatu, na zote hazilingani."

"Zinalingana, mzee."

"Kijana. Saa kumi, saa saba, saa moja. Zinalinganaje?"

Mpwa akasema hata simu za Kichina zina tatizo hilo hilo.

Nikasema potelea mbali, acha nifanye kazi. Lakini mzee alikuwa ameshapata wazo. "Mimi nina mtu Ujerumani," akasema, akatoa simu. "Nilimpandisha kwa Machame. Alitapika tangu kambi ya pili, ukuta wa Barranco nimemvusha kwa mkono huu hapa. Apite hapo Frankfurt aiangalie."

"Mzee, haiangaliwi kwa—"

Video imeshaita. Kule ni nyuma yetu kwa saa moja tu, akapokea Mjerumani mmoja amejifunga taulo, nywele wima. "Jambo! Jambo! Pole pole!" Maskini, amefurahi kabisa, anadhani kakumbukwa. Mzee akamwingia kwa Kijerumani chake cha mlimani, ambacho ni fasaha sana kuhusu maji, choo na kupumzika, lakini seva hakijawahi kukutana nayo. Nikasikia "kaput" nyingi. Nikamwona yule bwana anatazama huku na huku kutafuta kilichovunjika nyumbani kwake. Mwishowe akaelewa kidogo, akasema yeye yuko Hamburg, Frankfurt ni karibu kilomita 500.

Mzee akafunika simu kwa kiganja. "Anasema ni mbali. Mimi nilimvusha Barranco, leo kwake Frankfurt ni mbali."

"Hata akifika, mzee, hawamfungulii. Lile jengo lina seva chungu nzima, na ya kwetu haina hata jina mlangoni."

"Mwambie aseme katumwa na mimi."

Nikaona hapa bila kumweleza mtu huyu kwa lugha yake tutakesha. Nikamwambia: mzee, chukulia ni hoteli. Getini kuna mlinzi, anaitwa Nginx. Jikoni kuna mpishi, anaitwa Gunicorn, yeye ndiye anayeipika hiyo Python. Mgeni haingii jikoni. Anamwambia mlinzi anachotaka, mlinzi anakwenda dirisha la jikoni, anachukua sahani, analeta. Hiyo 502 ni mlinzi amekwenda dirishani akarudi mikono mitupu, ikabidi amwambie mgeni ukweli.

Mzee akaelewa. Akaelewa kupita nilivyokusudia.

"Mpishi yupo?"

"Yupo. Nimemchungulia, anachemsha."

"Basi mwizi ni mlinzi. Huyo mlinzi ni mtu wa wapi?"

"Si mtu, mzee, ni programu. Aliyeiandika ni Mrusi, Igor Sysoev. Ilitoka 2004."

"Mrusi." Akamtazama mpwa. Mpwa akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Na huyo mpishi?"

Hapa ningenyamaza. Lakini mtu ukishakaa kwenye kreti, hekima inakupungua. Nikasema jina lake limefupishwa, maana yake ni yule farasi wa hadithi mwenye pembe moja, wa kijani.

"Farasi anapika?"

"Ni jina tu, mzee."

"Mlinzi Mrusi, mpishi farasi. Sawa. Na mishahara yao analipa nani?"

"Hawalipwi. Zote ni programu za bure."

Mzee akapiga meza, panya ya kompyuta ikaruka. "NDIYO MAANA! Mlinzi wangu wa Rau namlipa kila mwezi, namnunulia na koti, na bado analala! Wewe umemweka mtu wa bure getini kwangu, mwezi wa saba, halafu unashangaa anarudi mikono mitupu? Mtu wa bure atakwenda dirishani kwa moyo gani?"

Nikamwambia sehemu kubwa ya intaneti inalindwa na huyo huyo wa bure. Akasema ndiyo maana watu wanatapeliwa.

Umeme ukakata. Laptopu ina betri, ruta haina. Nikawasha bando la simu yangu, likaisha. Nikatumia la mpwa, na kuanzia hapo mpwa akawa mbia.

Sasa ule mstari wa logi, ambao wote hao walikuwa wamenizuia nisiusome, ulikuwa unasema Nginx imejaribu kuifikia soketi ya Gunicorn, ndilo lile dirisha la jikoni, ikashindwa, kosa namba 13. Ndugu zangu, namba hizo ndizo zinazotulisha. Ingekuwa 2, soketi haipo. Ingekuwa 111, amegonga na hakuna aliyemfungulia. Namba 13 ni kwamba kitu kipo, unakiona, ila huna ruhusa. Nikaangalia ruhusa za soketi: ziko wazi. Folda yake: wazi. Nikaamuru namei -l, ile inayoteremka njia nzima hatua kwa hatua na kukuonyesha nani anaruhusiwa wapi, na hapo ndipo ilipojianika: soketi iko ndani ya /home, na folda ya nyumbani ya mtumiaji imefungwa, drwxr-x---, mgeni haruhusiwi hata kukatiza.

Miaka yote Ubuntu walikuwa wanaacha folda hizo zinapitika kwa kila mtu, ruhusa namba 755. Kuanzia toleo la 21.04 wakaamua kuzifunga, 750. Ni jambo jema, sikatai, usalama. Lakini Nginx pale inatembea kwa jina la www-data, na www-data si mwenyeji wa nyumba ile. Seva ya zamani ilipitika, mpya haipitiki, na mpangilio ni ule ule, neno kwa neno! Jikoni dirisha liko wazi, mpishi anasubiri, na mlinzi wa watu amezuiwa kwenye geti la uani na mtu wa Ubuntu aliyekaa huko kwao akaona ni vyema.

"Kwa hiyo Mrusi hana kosa," mzee akasema taratibu.

"Hana."

"Na farasi?"

"Hana."

Ikamuuma kidogo, nilimwona.

Nikaihamishia soketi folda ya /run, nje ya nyumba ile, nikasahihisha faili la systemd, yule anayewasha programu za seva, na la Nginx, nikaziwasha upya. Tovuti ikafunguka, nyeupe pe, haina rangi, haina mlima, haina kitufe. "Mbona uchi?" mzee akauliza. Faili za mitindo na picha nazo zilikuwa zimekaa nyumba ile ile iliyofungwa. Nikazipeleka /var/www. Ikavaa.

Malipo ya kwanza yakaingia tukiwa bado tunaitazama. Mzee akatabasamu, akasimama, akakunja mishale yangu ya saa akaitia mfukoni, sijui ya nini. Nikamtajia gharama, elfu themanini.

"Umebadilisha nini?"

"Njia ya soketi. Na ya zile picha."

"Mistari mingapi?"

Nikanyamaza.

"Nimekuona. Michache. Elfu themanini kwa mistari michache? Mpwa wangu anabadilisha kioo kizima kwa elfu thelathini na tano, na kioo ananunua mwenyewe."

Na bando lake, mpwa akakumbusha.

Nikapewa elfu ishirini na "nyingine tutaongea msimu ukiisha". Msimu ukiisha! Mimi kodi ya chumba hiki naisubirisha msimu gani? Mbona fundi gari hapo chini akilala chini ya Noah robo saa, akatoka mweusi hadi masikioni, anahesabiwa pesa na watu wanamshika bega? Kwa sababu ana grisi. Mimi nimetafuta kosa ndani ya jengo lililo bara jingine, gizani, kwa bando la kuombaomba, mikono yangu ikabaki safi, basi sikufanya kazi. Nitanunua grisi. Kopo zima. Akija mtu napaka hadi kwenye viwiko, nalala chini ya meza na bisibisi mdomoni, naguna, natoka na skrubu moja mkononi nasema hii ndiyo iliyokuwa inasumbua, laki mbili.

Shemeji yangu ndiye namba moja kwa dharau hii. Akiona nimekaa mbele ya laptopu ananiambia "kwa vile umepumzika". Printa yao ikigoma, mimi. Simu ya mama mkwe ikijaa video za maombi, mimi. King'amuzi kikipoteza chaneli, mimi. Na sasa wameniingiza kwenye kamati ya harusi ya binti yao bila kuniuliza, nimeamka nimo kwenye kundi, nimeshapangiwa ahadi ya laki na cheo cha "Mkuu wa Mitambo". Mitambo yenyewe ni projekta ya kukodi Majengo, inayoonyesha watu wote rangi ya kijani. Mwenyekiti anataka picha za bibi harusi tangu akiwa mtoto zipite ukutani wakati wa chakula, na muziki usikatike, na ikitokea umeme umekata ziendelee kupita. Nikauliza zitaendeleaje. Akajibu, "Wewe si ndiye mhandisi?" Kikao ni Jumapili saa nane, na nimeambiwa nije na ekstensheni, ile ndefu, na ile ndefu aliiazima huyo huyo shemeji tangu Pasaka na sasa anasema alishairudisha.