Jino la kupandikiza si kazi ya siku moja
Makala niliyosoma hapa kuhusu meno ya kupandikiza inasema ukipandikizwa jino asubuhi, jioni unatafuna nyama. Mimi nina gego la chini la kupandikizwa, na kwa wengi wetu haiko hivyo. Kinachoingia kwanza ni skrubu ya titani ndani ya mfupa wa taya, na mfupa wenyewe lazima uishike. Huo ndio ugunduzi wa mtafiti Brånemark kule Sweden miaka ya 1950, na mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa mwaka 1965. Kwangu wiki ya kwanza ilikuwa uji na mtori, halafu miezi minne ya kutafunia upande mmoja ndipo nikafungiwa jino lenyewe juu ya skrubu. Na hapo nilishachelewa: nilikaa na pengo miaka sita, mfupa ukasinyaa, ikabidi niongezewe mfupa kabla ya skrubu. Siku niling'olewa nilipewa dawa za maumivu tu, hakuna aliyenieleza kwamba taya lisilo na jino huendelea kupungua. Laiti ningejua! Tena daktari alinipima sukari na kuuliza kama navuta sigara, maana sukari isiyodhibitiwa na tumbaku huchelewesha kidonda kupona na skrubu inaweza kulegea. Makala haikugusa hilo hata kidogo, wakati wasomaji wengi hapa wana wazazi wenye kisukari. Wenzangu mliowekewa, bima zenu zililipa chochote, au mlitoa mfukoni kama mimi?