Ziara ya usanifu wa ndani: chumba kimoja chatosha

Ziara nyingi za wanafunzi wa usanifu wa ndani hapa Arusha ni matembezi tu. Basi linasimama mbele ya majengo sita, picha zinapigwa, chipsi zinaliwa, watu wanarudi. Bora ratiba fupi: asubuhi nzima Boma la Mjerumani la mwaka 1900, ambalo siku hizi ni Makumbusho ya Historia ya Asili, na mchana AICC, yaani Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha.

Ndani ya Boma chagueni chumba kimoja, watu watatu wakipime. Mmoja anashika sifuri ya futi ya kupimia, wa pili anasoma kwa sauti, wa tatu anaandika kwenye mchoro wa mkono uliokwisha chorwa kabla futi haijafunguliwa. Wengi huharibia hapa: wanapima kona hadi dirisha, dirisha hadi mlango, kipande kwa kipande, halafu wanajumlisha. Vipande vinane, kila kimoja kikizidishwa nusu sentimita, ukuta umerefuka sentimita nne na kabati ulilochora haliingii. Sifuri ibaki pale pale konani, zisomwe namba za kila ukingo mfululizo hadi mwisho wa ukuta. Kisha pimeni mishazari yote miwili, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala. Kuta zinazotazamana zikilingana lakini mishazari ikatofautiana, chumba hakiko skwea, yaani kona zake si za nyuzi 90, hata macho yakikataa. Kimo cha dari nacho kipimwe kila kona, maana sakafu ya zamani huweza kudidimia upande mmoja.

Msisahau kina cha dirisha: ukuta mnene hukata mwanga kabla haujafika ndani. Andikeni pia linatazama wapi. Tuko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana huegemea kaskazini mwezi Juni, na kusini mwezi Desemba.

AICC ilianzishwa 1978, mwaka mmoja baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kuanzia 1995 hadi 2015 ikahifadhi mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda. Hapa futi haihitajiki sana. Mpeni kila mwanafunzi kazi ya kuchora mahakama kwenye ukumbi wa mikutano: jaji, shahidi aliyefichwa, mkalimani, umma, kila mmoja na njia yake ya kuingilia. Njia zikigongana, aanze upya.

Barua ya maombi ipelekwe mapema, itaje chumba, saa, idadi ya watu na kwamba mtapima. Ikiandikwa “ziara” tu, mlinzi ataelewa mmekuja kupiga picha nje.