Mabao Matatu Nikiwa Msalani

Kabla ya tarehe 25 Mei 2005, msimamo wangu kuhusu mpira wa miguu ulifahamika katika ukoo mzima, wala sikuona haja ya kuuficha. Niliuhesabu kuwa ni mchezo wa watu ishirini wanaoukimbilia mpira mmoja huku wengine wawili wakisubiri langoni kulaumiwa. Hata hivyo, walionishangaza zaidi hawakuwa wachezaji bali watazamaji, watu wazima wenye akili zao na madeni yao, wanaomfokea mtu aliye ndani ya televisheni kwa imani kwamba atarekebisha mwendo. Nilipoambiwa kwamba dakika tisini zinaweza kwisha pasipo bao hata moja, na bado watu wakainuka wakisema mechi ilikuwa nzuri, niliona hatuna cha kujadiliana.

Kwa bahati mbaya, nilioa katika nyumba ya Liverpool. Baba mkwe alikuwa ameishabikia timu hiyo tangu ilipotwaa Kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka 1977, akaliona kombe likirudi mwaka 1978, 1981 na 1984, kisha akasubiri miaka 21 kwa uvumilivu ambao, kwa maelezo ya mama mkwe, hakuwahi kuuonyesha katika jambo lingine lolote. Kwa hiyo ilipofika fainali ya Ligi ya Mabingwa, jina jipya la kombe lilelile, mjini Istanbul, dhidi ya AC Milan, suala la hiari halikuwapo. Mtu anaweza kukataa mwaliko wa rafiki, lakini mwaliko wa baba mkwe humfikia ukiwa umeshakubaliwa na mkewe. Mke wangu alinipa masharti matatu: nikae, nitulie, na nisiulize itakwisha saa ngapi.

Niliingia sebuleni wakati timu zimeshapangwa uwanjani. Mashemeji walikuwa wamejaa kila mahali, na nafasi pekee iliyobaki ilikuwa kando ya baba mkwe mwenyewe. Nikamwamkia, nikaketi, mwamuzi akapuliza kipenga. Sijui kama dakika moja ilitimia. Pirlo wa Milan alipiga mpira wa adhabu kutoka pembeni, Maldini akauunganisha hewani kwa mguu wa kulia, na wavu ukatikisika. Nilichokiona mimi, hata hivyo, ni kwamba hakuna aliyekuwa akitazama marudio ya lile bao. Sebule nzima ilikuwa inanitazama mimi.

“Mwanangu,” aliuliza baba mkwe kwa upole, “umekaa vipi?”

Nikamjibu kwamba nimekaa vizuri, nashukuru.

“Basi kaa vingine.”

Nilikaa vingine. Nilikaa nikiwa nimekunja mguu, nikakaa nikiwa nimeukunjua, nikahamishiwa kwenye mkeka karibu na watoto, na kila nilipohama, hali ya Liverpool ilizidi kuwa mbaya. Harry Kewell aliumia mapema akachechemea kutoka nje, akaingia Vladimir Smicer, na shemeji mkubwa akauliza kwa sauti ya chini, ambayo ilikusudiwa nisikie, kama mgeni amegusa kitu chochote. Hata pale Shevchenko alipoutia mpira wavuni na bao likakataliwa kwa kuotea, heri hiyo hawakunihesabia mimi, bali mshika kibendera. Mpwa wa mke wangu, mtoto mwenye subira ya mwalimu wa darasa la kwanza, alitumia ndala za watu kunionyesha kwamba mshambuliaji hatakiwi kuwa karibu na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho wakati anapopigiwa pasi. Nilikubali kwa kichwa. Sikuwa nimeelewa chochote, isipokuwa kwamba ndala ya shemeji mdogo ilikuwa imekatika.

Dakika ya 39 Crespo akafunga la pili. Dakika ya 44 akafunga la tatu, na hili ndilo lililonimaliza. Kaká alitoa pasi kutoka katikati ya uwanja, ndefu, ya chini, ikapita kati ya mabeki kwa namna ambayo hata mimi niliiona, na Crespo, bila kuusimamisha mpira, akaunyanyua kidogo tu juu ya mlinda mlango Jerzy Dudek. Nikasema, “Hilo limefungwa vizuri sana.”

Yalikuwa maoni ya kwanza ya dhati niliyopata kuyatoa kuhusu mpira wa miguu, na hayakupokelewa vizuri.

Wakati wa mapumziko kiliitishwa kikao. Shemeji mkubwa alitoa hoja kwamba nuksi si lazima iwe kosa la mwenye nayo, jambo ambalo nililichukulia kama utetezi mpaka alipoendelea. Mama mkwe alijaribu kuniombea, akasema huenda Milan ni wazuri tu, na maelezo hayo yakatupiliwa mbali kwa kukosa ushahidi. Ndipo baba mkwe alipoweka mkono wake begani kwangu.

“Mwanangu, hujisikii kwenda msalani?”

Nikasema hapana, baba, sijisikii.

“Utajisikia.”

Basi timu ziliporudi uwanjani, mimi nilikuwa naelekea msalani bila haja yoyote, na nikafunga mlango kwa hasira iliyozidi kidogo ilivyopasa. Watu wenye elimu ya mpira watakuambia kwamba mwanzoni mwa kipindi kile kocha Rafael Benítez alimtoa Finnan akamwingiza Dietmar Hamann, akawapanga mabeki watatu nyuma, na kwamba Hamann ndiye aliyembana Kaká na kuwapa wenzake nafasi ya kusogea mbele. Ni uchambuzi unaoheshimika, na vitabuni ndivyo ulivyoandikwa. Nyumbani kwa baba mkwe unakubaliwa nusu: Hamann aliingia, ni kweli, lakini kuna mtu alitoka.

Nilikaa kwa muda niliouona kuwa wa heshima, kisha nikashika mkono wa kitasa nitoke. Ukabaki mkononi mwangu pamoja na kile chuma chake cha katikati, na nikasikia mkono wa upande wa pili ukianguka sakafuni kwa nje. Nikaingiza chuma tena, nikazungusha, kikazunguka bila kushika chochote. Nilianza kugonga mlango kwa adabu. Ilikuwa dakika ya 54, na wakati huohuo Steven Gerrard aliruka akaunganisha kwa kichwa krosi ya Riise, nyumba ikalipuka. Nikagonga kwa nguvu zaidi ili nisikike. Dakika mbili baadaye Smicer, yuleyule aliyeingia badala ya majeruhi, akaachia shuti la mbali, la pili likaingia, na kelele zikawa kiasi kwamba nikaanza kuupiga mlango kwa ngumi zote mbili huku nikipaza sauti. Baadaye nilielezwa kwamba sebuleni walinisikia vizuri kabisa. Walidhani nashangilia.

Aliyekuja alikuwa yule mtoto, ametumwa kunipa habari.

“Baba mdogo, ni mbili! Na sasa tumepata penalti, Gattuso amemwangusha Gerrard!”

Nilimweleza habari ya kitasa. Alisema nisubiri, kwa sababu Xabi Alonso ndiye anakwenda kupiga, na yeye mtoto amesimama mahali ambapo anaiona televisheni kupitia mlango wa sebule. Kikapita kimya. Kisha akasema, “Amekosa!” na kabla sijatoa pumzi akasema, “Amefunga!”

Nilimuuliza, kwa ukali ambao sikuutegemea, mtu anawezaje kukosa na kufunga penalti ileile. Akanieleza kupitia tundu la ufunguo kwamba Dida, mlinda mlango wa Milan, aliupangua mpira, ukamrudia Alonso, naye akaumalizia, na sheria inaruhusu kwa kuwa mchezo ulikuwa unaendelea. Tatu kwa tatu, ndani ya dakika sita. Nilipitisha kile kipande cha kitasa chini ya mlango, nikamwambia akipeleke sebuleni upesi, waunganishe na cha nje, wanifungulie.

Akarudi peke yake.

“Babu amekiweka mfukoni. Amesema anakuheshimu sana, lakini mpaka mechi iishe.”

Niliigeuza ndoo, nikaikalia. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia mke wangu, na niliyapanga kwa utaratibu, la kwanza hadi la mwisho, lakini nilijikuta nikipoteza mpangilio kila sauti ya sebuleni ilipobadilika. Mtu anayesikiliza mpira bila kuuona hujifunza haraka. Kona ina mlio wake: watu huvuta pumzi pamoja, husubiri, kisha huishusha kwa lawama. Mpira wa adhabu wa hatari unatanguliwa na mtu mmoja anayesema “jamani, jamani”. Pale Djimi Traoré alipouokoa mpira wa Shevchenko ukiwa mlangoni kabisa mwa goli, nilisikia kilio kikigeuka kicheko kabla hakijakamilika, na nikampigia mtoto kelele aniambie ni nani, ametokea wapi, na kwa nini aliachwa peke yake. Niliyekuwa nauliza hayo ni mimi, niliyekatazwa kuuliza itakwisha saa ngapi. Na muda wa kawaida ulipokwisha, nikaambiwa sasa zinaongezwa dakika thelathini, sikusema neno. Nilisogeza ndoo karibu na mlango.

Mwishoni mwa muda wa nyongeza palitokea jambo ambalo mtoto alishindwa kulitangaza. Shevchenko alipiga kichwa, Dudek akaupangua, mpira ukamrudia Shevchenko hatua chache tu kutoka golini, akaukandamiza kwa mguu, na Dudek, ambaye alikuwa bado anajiinua, akaunyanyua mkono mpira ukapaa juu ya mwamba. Kutoka upande wangu nilichopata ni hiki: “Ameokoa. Ameokoa tena. Baba mdogo, sijui ameokoaje.” Nilikuwa nimesimama juu ya ndoo, mikono kichwani, na sikumbuki nilipandaje.

Ikaja mikwaju ya penalti. Baba mkwe alisikika akipiga kelele “Fanya kama Grobbelaar! Fanya kama Grobbelaar!” na mtoto akanieleza kwamba Dudek anacheza na kuyumbisha miguu mstarini ili kuwababaisha wapigaji, kama alivyofanya Bruce Grobbelaar jijini Roma kwenye fainali ya 1984. Serginho akapaisha. Hamann akafunga. Pirlo akapanguliwa, Cissé akafunga, Tomasson akafunga. Riise alipopanguliwa, nilidakia mara moja, “Amemalizia? Mpira umerudi kwake?” na mtoto akanijibu kwa masikitiko kwamba katika hatua hii mpira ukipanguliwa umekwisha, hakuna kumalizia. Niliiona kuwa ni dhuluma, na mpaka leo sijaridhika na sheria hiyo. Kaká akafunga, Smicer akafunga, akabaki Shevchenko, ambaye akikosa mambo yamekwisha. Hakuna aliyenitangazia mkwaju huo. Mtoto alikuwa ameshakimbia, na nilijua matokeo kwa jinsi vitasa vya milango mingine ya nyumba vilivyotikisika.

Walinisahau. Walikumbatiana, wakalia, wakatoka nje wakarudi, Gerrard akanyanyua kombe, na mimi bado nilikuwa msalani nikishangilia peke yangu. Aliyenifungulia ni baba mkwe mwenyewe, akitoa kile chuma mfukoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, “Umefanya kazi kubwa.” Mambo niliyokuwa nimempangia mke wangu hayakunijia hata moja. Niliomba kitu kimoja tu, nionyeshwe mabao, na nilikaa mbele ya marudio mpaka watangazaji wakaaga, nikimlaumu Riise kwa kuchagua upande mbaya.

Tangu hapo nimekuwa mshabiki wa aina ambayo zamani nilikuwa naihurumia. Ninabishana na televisheni. Ninaweza kueleza kuotea bila ndala. Lakini haki ya kutazama ndiyo niliyoipoteza, kwa sababu ukoo ulikwishaamua. Mwaka 2007 timu hizohizo zilipokutana tena fainali, mjini Athens, nilikataa katakata kutolewa, nikasema mambo ya nuksi ni ujinga, nikakaa kochi la mbele. Inzaghi alifunga mawili. Dakika ya 89 niliinuka kunyoosha miguu, nikafika mlangoni, Kuyt akatufungia moja. Hakuna aliyesema kitu, ila shemeji mkubwa alinitazama kwa muda mrefu sana. Tulifungwa mbili kwa moja.

Kwa hiyo tarehe 7 Mei 2019, katika mechi ya marudiano ya nusu fainali na Barcelona, tukiwa tumekwishafungwa tatu bila kwao, sikusubiri kuambiwa. Nilikuwa nyumbani kwangu. Origi alifunga dakika ya 7, lakini bao moja lisingetosha, na wakati wa mapumziko simu ya baba mkwe ikaita. Robertson alitoka, akaingia Wijnaldum, nami nikaenda msalani na simu mkononi. Yule mtoto, ambaye sasa ana ndevu, alikuwa ananitumia ujumbe mfupi mfupi. Dakika ya 54: “Wijnaldum.” Dakika ya 56: “Wijnaldum tena.” Ni dakika zilezile za Gerrard na Smicer, na mtu yeyote anayeniambia hilo halina maana hajawahi kukalia ndoo. Dakika ya 79 ukaingia ujumbe mmoja tu: “Wamelala!”

Niliamini ni mabeki wetu. Nikakurupuka kwenda kuwaamsha, nikavuta mlango, ukagoma.

“Nani amelala?” nilipiga kelele. “Nani amelala?”

“Barcelona,” mke wangu alijibu kutoka upande wa pili. “Kona imepigwa hawajageuka, Origi amefunga, ni nne. Na baba amepiga simu, amesema ufunguo nikae nao mimi.”