Seli za mzee mmoja tunazitwisha mzigo mno
Siku ya 19 umeme ulikatika usiku, inkubeta ikazimika, asubuhi nikakuta seli zangu zimekufa. Zilibaki siku mbili tu! Aliyewahi kuotesha Caco-2, seli za maabara tunazopimia jinsi dawa inavyopenya ukuta wa utumbo, anakijua kilio hiki. Unazipanda juu ya kichujio chembamba, unazibadilishia chakula kila baada ya siku mbili, unangoja siku 21 zishikamane na kuota vinyweleo kama vya utumbo mwembamba. Kisha unachovya elektrodi yenye umbo la uma kupima ukinzani wa umeme. Ukiwa mdogo, ukuta unavuja.

Na wala hazikutoka kwenye utumbo mwembamba. Zilitolewa kwenye saratani ya utumbo mpana ya mwanamume wa miaka 72, zikaanza kuoteshwa Marekani miaka ya 1970.

Sizibezi, ndizo zinazoniweka mjini. Ukitaka kumwona P-glikoprotini kazini, zinatosha kabisa. Huyu ni bawabu wa upande wa juu wa seli: dawa ikipenya, anaikamata na kuirudisha utumboni. Weka digoksini, dawa ya moyo, juu ya kichujio, kwingine iweke chini, ulinganishe. Ile ya chini hupanda kwa kasi kuliko ya juu inavyoshuka.

Kinachoniudhi ni kuzipa kazi zisizoiweza. Mgonjwa akimeza rifampisini, dawa ya TB, kwa siku kadhaa, utumbo wake huongeza mabawabu hao, na digoksini inayofika kwenye damu hupungua. Caco-2 hazioneshi hilo ipasavyo, kwa sababu kipokezi cha PXR, kinachoisikia rifampisini na kuagiza mabawabu zaidi, ndani yake ni haba mno. Hata CYP3A4, kimeng'enya kinachokatakata dawa nyingi zikiwa bado ukutani mwa utumbo, ni cha kutafuta kwa tochi.

Huku kwetu rifampisini si habari ya vitabuni. Anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, akianza dawa za TB, dozi hupanda: miligramu 50 asubuhi, 50 jioni, maana rifampisini huamsha vimeng'enya vinavyoimaliza dawa upesi. Kwa hiyo nikisoma ripoti inayosema "hakuna mwingiliano ulioonekana kwenye Caco-2", nauliza: mwingiliano upi? Wa kuzuia bawabu, nakubali. Wa kuongeza mabawabu, umeuliza kiziwi.

Zipo LS180, nazo za saratani ya utumbo mpana, zinazoitika vizuri kwa rifampisini, ila kwa kujenga ukuta ni goigoi. Safari hii nimeotesha zote mbili. Leo siku ya nne, na jenereta nimeijaza mafuta mwenyewe.