Siku niliyoomba kazi nikiwa nimeshafariki

Digrii yangu mi ni ya utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Naomba uishike hiyo, utaihitaji huko mbele.

Nimemaliza 2022. Mwanzoni nilikuwa nachagua bana, natuma maombi ya nafasi za afisa tu, na mshahara uwe wa maana kwa sababu bodi ya mikopo wanakata asilimia 15, sa nikianza na laki tatu nitabaki na nini. Ilipofika 2024 nilikuwa naomba hata zile zinazosema kidato cha nne na bado siitwi, akaunti ya Ajira Portal naifungua asubuhi kabla sijapiga mswaki. Baba mdogo ninayekaa kwake Mbagala alishaacha kuniuliza "vipi kazi", akawa ananiuliza "vipi leo maji yametoka?" maana ndo idara niliyobaki nayo, kujaza ndoo.

Sasa ijumaa moja saa nne asubuhi mshkaji akanirushia tangazo Wasap. Taasisi flani hapa hapa Dar (siitaji, wakinisoma watacheka upya) wanataka msaidizi wa kumbukumbu, nafasi moja. Moja! Afu mi nikafurahi kabisa, maana wa rika langu tumekua tukisikia habari za ule usaili wa uhamiaji wa 2014 pale Uwanja wa Taifa, watu zaidi ya elfu kumi nafasi 70, kwa hiyo ukiona tangazo ambalo halijasambaa unaona umeokota. Masharti: barua ya mkono, wasifu kwa Kiswahili, vyeti vigongwe muhuri wa wakili, bahasha iletwe mkononi, mwisho leo saa 9:30 alasiri.

Leo!

Nikakimbia kwa wakili, kila karatasi elfu mbili, gonga gonga gonga, hata hajaangalia kama ni cheti au ni risiti ya luku. Nikakimbia steshenari. Nafika, umeme hakuna.

Pale kwenye benchi nikamkuta kaka mmoja na fulana nyeusi na daftari la michango mkononi, amefiwa na baba yake, wanazika kesho yake jumamosi, anasubiri kuprinti wasifu wa marehemu wa kusoma makaburini. Tukakaa. Nikampa pole ya msiba, na yeye aliponiuliza mi nasubiri nini nikamweleza, akanipa pole ya kutafuta kazi, na kusema kweli yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Saa sita. Saa saba. Saa nane na dakika kumi umeme ukarudi, watu wote kwenye fremu "eeeeh!" kama goli, dada wa steshenari akavamia kompyuta, flashi zetu zote mbili zimechomekwa, akauliza bila kugeuka,

"Huu wasifu wa nani?"

Tukajibu kwa pamoja: "Wangu."

Wa kwake kurasa mbili, wa kwangu kurasa mbili. Printa ikakohoa ikatema karatasi nne za moto, dada akazichukua huku anampimia mtu mwingine saizi ya picha ya pasipoti, akagonga pini mara mbili, kwa! kwa!, akatugawia. Niliangalia ukurasa wa juu, nikaona jina langu, nikaona digrii, nikatia kwenye bahasha ya kaki nikarukia boda. Nimefika saa 9:22, mlinzi akapokea kwa sura ya mtu anayepokea takataka.

Kesho yake mchana nipo nimelala, simu ikalia: nimepokea shilingi 10,000 kutoka kwa mtu nisiyemjua. Nikasema huyu kakosea namba, atapiga. Badala yake ikaingia elfu tano, mwingine kabisa. Afu elfu mbili. Nikasubiri wapige niwarudishie, nilisubiri kwa uaminifu kabisa kama nusu saa hivi. Kisha nikaenda kula chips mayai, nikanunua bando, nikampelekea fundi kiatu changu cha mguu wa kulia agundishe soli. Mama yangu huwa anasema Mungu hamtupi mja wake, nikajua ndo leo.

Wiki mbili baadae napigiwa simu, sauti ya dada wa ofisini, imebanwa banwa hivi kama mtu anayezuia kikohozi.

"Samahani, naongea na mwenyewe?"

"Ndiyo dada."

"Yani... wewe upo?"

"Nipo dada yangu, nipo nipo tu, si unajua tena mambo magumu."

Nikasikia simu imewekwa mezani na watu wanacheka mbali. Akarudi akasema jumatano saa tatu uje usaili. Baba mdogo alinipa shati lake jeupe, mama mdogo akanichemshia mayai mawili. Mshkaji wangu ambaye ameshafanya intavyuu saba (hajapata hata moja lakini uzoefu anao) akanipa kanuni moja tu, kwamba kwenye paneli usiseme "sina", usiseme "sijui", wanataka mtu anayejiamini.

Nikaingia. Watu watatu: mwenyekiti mzee mwenye miwani ya kamba, mama mmoja mnene mwenye kitenge, na yule dada wa simu ambaye tangu nakaa alikuwa anaangalia dirishani. Mzee akafungua faili taratibu.

"Kijana, umehitimu shahada mwaka 2022."

"Ndiyo mzee."

"Na mwaka 1999 ukastaafu."

Nikakumbuka kanuni. Nikasema "Ndiyo mzee."

"Hebu tueleze uzoefu wako kwenye mashamba ya mkonge Tanga, mwaka 1966."

Jamani. Mi Tanga nimepita kwenye basi naenda Arusha, na ilikuwa usiku. Lakini nikajiweka sawa kwenye kiti nikasema mkonge ni zao linalohitaji nidhamu na kutunza kumbukumbu, kwamba kila shamba lina faili lake, na kwamba pale nilijifunza sana kufanya kazi kwa ushirikiano. Mama wa kitenge akachukua leso akajifunika uso mzima. Nikajua nimemgusa.

"Vizuri," mzee akasema. "Hapa pia umeandika umeacha watoto tisa."

Hapo hata mimi nikaona hapana. "Nimewaacha wapi mzee?"

"Duniani."

Kimya. Feni inazunguka. Mzee akageuza faili akalisukuma kwangu, na kidole chake kikawa kimekaa kwenye mstari, nikausoma: *amesumbuliwa na presha na miguu kwa muda mrefu, ameacha mjane, watoto tisa, wajukuu thelathini na mmoja na vitukuu wanne. Bwana ametoa na Bwana ametwaa.* Chini yake muhuri wao mwekundu: IMEPOKELEWA.

Dada wa simu ndo aliyeanguka wa kwanza, akatoka nje kabisa. Mama wa kitenge analia machozi, anagonga meza, anasema "mwanangu, mwanangu". Mzee peke yake hakucheka, akavua miwani akaifuta akaniambia walibishana humu ndani muda mrefu, wengine wakisema ni kichaa, yeye akasema mwiteni, mtu akifa na bado anatafuta kazi huyo ni mchapakazi.

Afu akauliza, "Shahada yako umesema ya nini vile?"

Nikasema kwa sauti ya chini sana. Akaomba nirudie.

Kazi sikupata, usiulize. Nilishuka kwenye daladala nikaenda moja kwa moja steshenari nikiwa na hasira zangu, yule dada aliponiona akainama chini ya kaunta akawa anatafuta kitu ambacho hakipo. Alipoibuka akasema, "Kaka, nisamehe, ila wewe una nafuu. Ungekuwepo makaburini."

Ndo akanipa habari. Msomaji alikuwa katibu wa kamati ya mazishi, mtu anayesoma kama taarifa ya habari, haangalii pembeni haangalii nyuma. Kamaliza ukurasa wa kwanza vizuri, mzee alizaliwa Masasi 1946, akasoma mpaka darasa la nne, akabatizwa, kafunua karatasi na kuendelea na sauti ile ile ya huzuni: nina uwezo wa kutumia kompyuta, ninafanya kazi vizuri chini ya shinikizo, nipo tayari kuhamia kituo chochote nitakachopangiwa, na ninaweza kuanza mara moja. Mchungaji akaitikia amina. Kuna bibi nyuma akasikika akisema kumbe mzee alijua kompyuta na miaka yote kanyamaza. Katibu akamalizia na "kwa mawasiliano zaidi", akasoma namba yangu ya simu tarakimu kwa tarakimu, mara mbili, na waombolezaji waliokuwa hawajatoa rambirambi wakatoa simu zao.

Elfu kumi, elfu tano, elfu mbili. Nilisimama pale kwenye fremu nikaihisi ile chips mayai inageuka tumboni japo ilikuwa na zaidi ya wiki mbili.

Yule kaka wa fulana nyeusi nilimtafuta mwenyewe. Hakukasirika, alicheka mpaka akakaa chini, ila hela alisema nirudishe maana hesabu ya kamati haijafungwa. Namlipa kidogo kidogo, nikipata kibarua cha kubeba tofali au kumjazia mtu fomu. Mpaka sasa nimefikisha elfu tisa, na kwenye daftari lake la michango, chini kabisa baada ya majina ya ndugu na majirani, ameniandika kwa kalamu nyekundu: "Marehemu wa pili – bado 8,000."