Tawi Jipya Ng'ambo ya Mpaka Linajengwa kwa Pesa za Nani?

Supamaketi ya Kenya inapotangaza tawi Kampala, Dar es Salaam au Kigali, habari nyingi huishia kwenye ukubwa wa duka na idadi ya ajira. Naona swali la kutangulia ni jingine: fedha za kulijenga zimetoka wapi? Uchumi na Nakumatt, supamaketi mbili kubwa za Kenya, zilivuka mpaka, na zote zilianguka kwa njia moja. Rafu zilianza kubaki tupu kwa sababu wasambazaji walichoka kuleta mali isiyolipwa. Wateja waliondoka baadaye.

Chukua tawi la mfano linalouza shilingi milioni 2 kwa siku. Katika hizo, milioni 1.7 ni gharama ya bidhaa zenyewe. Hizo 300,000 zinazobaki ndizo zinazolipa mishahara, pango, umeme, wizi wa rafuni na vilivyooza. Kubaki na faida ya shilingi 2 au 3 kwa kila 100 ni matokeo mazuri katika kazi hii. Sasa tuseme bidhaa hukaa siku 30 kabla ya kuuzwa, na msambazaji amekubali kulipwa baada ya siku 60. Kwa siku 30 supamaketi inashika pesa za wenyewe: milioni 1.7 mara 30, yaani milioni 51 kwa tawi moja tu. Hapo hakuna dhambi, kwani rejareja yote inaendeshwa kwa mali kauli, yaani kuchukua bidhaa sasa na kulipa baadaye. Kosa huanza pale hizo milioni 51 zinapogeuzwa majokofu, vigae na amana ya pango la tawi jingine.

Kisha siku 60 huwa 120. Deni la wasambazaji limefika milioni 204, mali iliyopo dukani na ghalani ni ya milioni 51, na milioni 153 zimekwisha kuwa saruji. Mradi mauzo yanapanda, shimo hili halionekani, maana mauzo makubwa ya leo yanalipa ankara ndogo za miezi minne iliyopita. Mauzo yakishuka nusu, tawi linaingiza milioni 1 kwa siku huku ankara zinazoiva siku hiyo ni milioni 1.7, na mishahara bado haijaguswa. Wa kwanza kukata huduma ni wa maziwa, mkate, unga na sukari, kwa kuwa wana wanunuzi wengine wenye fedha taslimu. Na mteja akikosa maziwa na mkate mara mbili, anahama na kapu lake lote, pamoja na sabuni na mafuta ambayo bado yapo rafuni.

Uchumi ilianzishwa 1975, ikafunga milango Juni 2006, ikafufuliwa na kurejea Soko la Hisa la Nairobi 2011. Oktoba 2015 ilitangaza kufunga maduka yake ya Uganda na Tanzania. Uongozi ulieleza kuwa matawi hayo yalikuwa chini ya asilimia 5 ya shughuli za kampuni, lakini yalikula zaidi ya robo ya gharama za uendeshaji. Nakumatt, iliyochipuka kutoka duka la magodoro la Nakuru, ilifika Kigali 2008 na Kampala 2009, kisha ikaingia Tanzania, ambako mwaka 2014 ilichukua maduka yaliyoachwa na Shoprite ya Afrika Kusini. Ilikuwa na zaidi ya matawi 60 katika nchi nne. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi anayeteuliwa kuendesha kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Ni kweli ilipoteza tawi lake kubwa katika shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013. Lakini deni la zaidi ya shilingi bilioni 30 halielezeki kwa tawi moja.

Mpaka huzidisha ugonjwa huu. Nguvu ya kununua kwa wingi Nairobi haivuki mpaka wa Malaba au Namanga, kwa sababu bidhaa nyingi za kiwandani zina msambazaji wake Uganda na mwingine Tanzania. Tawi la Kampala hununua kwa bei ya mnunuzi mdogo, likishindana na wenyeji wanaonunua zaidi. Mali inayotoka Kenya nayo inakutana na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 badala ya 16 ya Kenya, alama za ubora za nchi nyingine, na lori ambalo tawi moja haliwezi kulijaza. Hivyo duka huagiza mara chache na kwa wingi. Mali iliyokuwa ikikaa siku 30 sasa inakaa 45 au zaidi, na nyingine inaisha muda ikiwa ghalani. Kwa miaka mingi pango la majengo makubwa ya biashara Kampala na Dar lilitozwa kwa dola ilhali mauzo ni ya shilingi. Shilingi ikishuka, pango linapanda bila mteja hata mmoja kuongezeka.

Ndiyo maana siungi mkono tawi moja katika kila mji mkuu. Afadhali matawi matano au sita katika mji mmoja, yakilishwa na ghala moja kwa safari za kila siku, mboga, maziwa na mkate vikinunuliwa hapo hapo. Na mtaji wake uwe wa wanahisa au mkopo wa miaka mingi. Naivas, supamaketi nyingine ya Kenya, imepita maduka 100 bila kutoka Kenya, na fedha zake za kukua zimetoka pia kwa wawekezaji walionunua hisa, wakiwemo IBL ya Mauritius mwaka 2022. Wengine huiita woga. Mimi naiona ndiyo hesabu sahihi.

Kwa msambazaji, dalili hujitokeza mapema. Malipo yanakuja kwa namba za mviringo, mfano 500,000 kamili, zisizolingana na ankara yoyote. Oda za bidhaa zinazotoka haraka zinapungua. Rafu inapangwa mstari mmoja mbele, nyuma kuna uwazi. Unaombwa uandike ankara kwa jina la kampuni mpya. Weka kikomo cha deni kwa mtandao mzima badala ya tawi moja moja, na kila mzigo uwe na hati ya mapokezi iliyogongwa muhuri siku hiyo hiyo. Sheria ya ushindani ya Kenya inatambua ucheleweshaji wa malipo usio na sababu kuwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi, na malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani. Usingoje msimamizi ateuliwe: akishaingia, msambazaji asiye na dhamana hupanga foleni nyuma ya benki.